Poda, wanga, mafuta au kukausha tu: tumpake nini mtoto akitoka kuoga?

Mama mkwe wangu alivuka na kivuko cha Kamanga siku ya nne baada ya mimi kujifungua. Kwenye begi lake alikuwa na dagaa wakavu, kanga mbili mpya na chupa ndefu ya poda. Alimwogesha mjukuu wake mwenyewe, polepole, kwa mikono iliyokwisha kuogesha watoto saba. Akamkausha, akamlaza juu ya kanga kitandani, akaigeuza ile chupa na kuitikisa mara tatu juu ya kifua na mapaja. Chumba chetu pale Igogo, Mwanza, kina dirisha linalotazama mashariki. Jua la saa tatu asubuhi lilikuwa linaingia kama mkanda mwembamba unaokatiza kitanda, na ndani ya mkanda ule niliona vumbi jeupe likipanda. Halikutua upesi. Bibi alimfunga mtoto nepi, akamvisha, akamnyanyua, na vumbi lilikuwa bado linaelea pale pale alipokuwa amelala, usawa wa pua yake.

Mtoto alipiga chafya mbili, akanyonya, akalala. Hakuna baya lililotokea siku ile. Ila vumbi lile halikunitoka kichwani, na tangu hapo nimekuwa nikiuliza: manesi wa kliniki, wauzaji wa maduka ya dawa, mama wenzangu kwenye foleni ya chanjo. Kila mmoja anailinganisha poda na kitu chake. Mmoja na mafuta, mwingine na poda ya aina nyingine, mwingine anasema usipake kitu kabisa. Acha niviweke vyote vinne pamoja, maana mama mwenye mtoto mapajani hana muda wa kupiga hodi nyumba nne.

Kwanza tujue tunazungumzia nini

Poda tuliyoizoea, ile inayoteleza kama hariri ukiisugua kati ya vidole, ni talki. Talki ni jiwe. Huchimbwa ardhini, husagwa, hutiwa manukato. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, talki ndiyo 1, laini kuliko madini yote mengine kwenye kipimo hicho. Sisi tunaoishi katikati ya mawe ya Mwanza tunalijua jiwe ambalo ukucha hauliwezi. Hili ukucha unalikwaruza. Punje zake ni vibamba vidogo vinavyotelezeana, ndiyo maana ngozi iliyopakwa poda haisuguani.

Ya pili ni poda ya wanga wa mahindi. Kwenye chupa inafanana na ya kwanza, hata harufu mara nyingine ni ile ile, lakini ni chakula kilichosafishwa mpaka ukabaki wanga mtupu. Usiichanganye na unga wa sembe wa jikoni. Nimewahi kusikia mama akishauriwa apake sembe au unga wa muhogo. Unga wa jikoni umekaa gunia kwa gunia, una wadudu na vimelea vyake, na haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mtoto.

Ya tatu ni mafuta ya kupaka: mafuta ya mgando yanayouzwa kila duka, na ndugu yake wa duka la dawa, krimu nyeupe nzito yenye zinki. Ya nne ni kukausha vizuri na kuacha hivyo.

Ukitaka kujua chupa uliyoshika ina nini, usisome mbele. Mbele kuna picha ya mtoto. Igeuze usome orodha ya vilivyomo: ukiona neno Talc, ni jiwe, ukiona Zea Mays, ni mahindi. Nilifanya hivyo pale Makoroboi kwa chupa zilizopangwa chini, muuzaji akinitazama kwa subira, na nilikuta zote mbili zimewekwa pamoja bila tofauti yoyote.

Kifuani

Hapa ndipo uamuzi wangu ulipotokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Punje nyingi za talki ni ndogo kiasi cha kupita puani na kooni na kushuka mpaka ndani ya mapafu. Zikifika huko haziyeyuki. Mtoto akivuta nyingi kwa mkupuo, talki hukausha ute unaolinda njia za hewa, huziba vijia vidogo, na mapafu huvimba. Hakuna dawa ya kuitoa; hospitalini watampa hewa na kumsaidia apumue mpaka mwili utulie, na kuna watoto waliopoteza maisha kwa njia hiyo. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinawaambia wazazi waache kabisa kuwapaka watoto poda hii.

Ajali kubwa kwa kawaida haitokani na mtikiso mmoja wa bibi. Hutokea mtoto akishafika miezi ya kushika vitu. Anabadilishwa nepi, analia, anapewa chupa ya poda aichezee ili atulie. Chupa ile inafanana na ya maziwa, anaipeleka mdomoni, kifuniko kinafunguka, na poda yote inammwagikia usoni. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka kwenye maandishi haya, chukua hiki: chupa ya poda isiwe mchezo wa mtoto, hata ikiwa imefungwa.

Ikitokea, mtoe kwenye vumbi, mfute uso na mdomo kwa kitambaa chenye maji, na umwahishe hospitali hata kama ameacha kukohoa. Shida ya kupumua inaweza kuchelewa saa kadhaa kabla ya kujitokeza. Huko njiani hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa miezi miwili mpaka kumi na moja, mpaka wake ni 50. Wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza mitano, 40. Kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu kila anapovuta hewa, hapo usihesabu tena, kimbia.

Wanga wa mahindi una nafuu hapa. Punje zake ni kubwa zaidi, nyingi hukwama puani na kooni. Lakini nafuu hiyo ni ya kiasi. Ukiutikisa juu ya mtoto bado ni vumbi, na mtoto haoni tofauti kati ya vumbi la jiwe na vumbi la mahindi anapokohoa. Tukumbuke pia kifua hicho tayari kina mzigo: chumba ni kimoja, jiko la mkaa liko mlangoni, na kiangazi barabara ya vumbi iko dirishani.

Mafuta hayapeperuki, na kwa kifua ndiyo yanashinda. Nina onyo moja tu. Kuna mazoea ya kumpaka mtoto mafuta ndani ya pua akiwa na mafua, ati yafungue. Mafuta yanayoteremka kutoka puani huweza kuingia kwenye mapafu na kuleta nimonia ya aina yake, ngumu kutibu. Mafuta ni ya ngozi ya nje.

Habari ya saratani

Kila mama niliyezungumza naye ameisikia, wengi wakiwa wameisikia nusu. Iko hivi. Ardhini, talki hukaa jirani na asbesto, madini mengine yenye nyuzi nyembamba, na asbesto inajulikana bila ubishi kuwa huleta saratani. Talki isiyochunguzwa vizuri huweza kubeba asbesto. Mwaka 2019 kampuni ya Johnson & Johnson iliondoa sokoni Marekani chupa zipatazo 33,000 baada ya wakaguzi wa serikali kukuta chembe za asbesto kwenye sampuli. Mwaka 2020 ikaacha kuuza poda yake ya talki Marekani na Kanada, na mwaka 2023 ikaacha dunia nzima na kubaki na ya wanga. Kampuni yenyewe imeendelea kusema kuwa bidhaa yake ilikuwa salama. Kampuni moja kuacha hakumaanishi talki imekwisha madukani. Watengenezaji wengine wapo, ndiyo sababu nimesema geuza chupa.

Kuhusu talki yenyewe, bila asbesto, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2024 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi kwa binadamu ulihusu hasa saratani ya mifuko ya mayai ya uzazi kwa wanawake waliokuwa wakijipaka poda sehemu za siri, nao ulionekana kuwa na mipaka. Kwa wanyama wa maabara ulikuwa na nguvu zaidi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 na kujumuisha wanawake zaidi ya 250,000 haukupata uhusiano ulio wazi. Kwa hiyo simwambii mama aliyempaka mwanawe poda kwa miezi sita akae akilia. Ninalosema ni kwamba msichana anayepakwa poda kati ya mapaja kila siku, tangu siku ya kwanza, hapati faida yoyote inayostahili swali hilo kuachwa wazi juu yake. Hapo wanga, mafuta na kukausha vyote viko mbele ya talki.

Matakoni

Wengi tunanunua poda kwa sababu ya matako, basi tuyaangalie kwa karibu.

Kubabuka kwa nepi hakuletwi na kukosa poda. Mkojo na kinyesi vikikaa pamoja, mkojo hutoa amonia, ngozi hupoteza uchachu wake wa kawaida, na vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi hupata nguvu ya kuila ngozi. Juu yake kuna msuguano wa nepi iliyolowa. Poda inasaidia hilo la mwisho tu, na inasaidia mpaka mkojo wa kwanza. Baada ya hapo ni tope. Nilimfungua mwanangu alfajiri moja nikakuta kwenye mikunjo ya mapaja mistari myeupe iliyoganda kama uji uliokauka kwenye sufuria, na nilipoilainisha kwa maji ya uvuguvugu, ngozi chini yake ilikuwa nyekundu na laini kama ya jipu. Poda iliyolowa ilikuwa imeshikilia mkojo pale pale tulipotaka uondoke.

Mafuta ya mgando hufanya kazi tofauti. Hayanyonyi unyevu, yanajenga ukuta kati ya ngozi na unyevu. Yapakwe kwenye ngozi iliyokauka, tabaka jembamba, kila unapobadilisha nepi. Ngozi ikishababuka, krimu ya zinki inashika vizuri zaidi, na hiyo ndiyo ipakwe nene, kama unavyopaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Mtoto akichafua, futa uchafu tu, usiisugue krimu yote itoke. Kuisugua ndiko kunakomuumiza. Na usimwage poda juu ya mafuta. Najua wapo wanaofanya yote mawili ili wawe na uhakika, lakini hugeuka madonge yanayokwaruza.

Wanga matakoni si mbaya sana. Kuna hofu ya muda mrefu kwamba unalisha fangasi. Majaribio yaliyofanywa kwenye ngozi ya binadamu hayakuithibitisha, ingawa wahudumu wengi bado wanashauri uuache kama fangasi tayari wapo. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu fangasi wanahitaji dawa. Utawatambua: wekundu uliokolea unaoingia mpaka ndani ya mikunjo, na vijipele vidogo vilivyotawanyika pembeni. Kama siku mbili tatu za kubadilisha nepi mara kwa mara na kupaka krimu hazijaleta nafuu, nenda zahanati. Dawa zake, kama klotrimazoli au nistatini, si ngeni huko.

Ukienda duka la dawa bila kupita zahanati, kuna tyubu moja utakayopewa haraka, yenye dawa tatu ndani: ya fangasi, ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Wekundu unaondoka kesho yake, ndiyo maana inapendwa. Lakini ngozi ya mtoto iliyofunikwa na nepi hunyonya steroidi nyingi kuliko ya mtu mzima, nayo huifanya iwe nyembamba. Omba dawa ya fangasi peke yake.

Kuhusu kunyonya, kuna jambo lilitokea Ufaransa mwaka 1972 ambalo siwezi kuliacha. Poda ya watoto ya chapa ya Morhange ilichanganywa kiwandani kwa bahati mbaya na heksaklorofini nyingi mno, dawa ya kuua vijidudu. Watoto 36 walikufa. Sumu ilipita kwenye ngozi, na ile iliyobabuka iliipitisha zaidi. Kosa halikuwa la talki, lakini tangu nisome habari hiyo sioni tena ngozi ya kichanga kama kifuniko. Naiona kama mlango.

Sasa hiyo ya nne, kukausha tu. Kwa mtoto ambaye ngozi yake ni nzima, hii inatosha, na inawashinda wote kwa bei. Maji safi, kitambaa laini, gusa-gusa bila kusugua, halafu mwache uchi juu ya kanga dakika kumi hivi, mara mbili tatu kwa siku. Sharti lake ni kubadilisha nepi kwa wakati, na hapo ndipo penye ugumu, maana wengi wetu tunavuta pampasi moja mpaka iwe nzito kwa sababu ya bei. Silaumu mtu. Nyumbani kwangu tulitumia nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, vitambaa vilikuwa vinakauka nusu tu, nikawa navipiga pasi pande zote mbili. Pasi inamaliza unyevu, na inaua mayai ya yule inzi anayeacha funza kwenye nguo zilizoanikwa nje.

Shingoni na kwapani

Shingo ni kesi nyingine, na hapa mafuta yanapoteza ushindi wake. Vile vipele vidogo vya joto vinavyojaa shingoni na mgongoni msimu wa joto ni jasho lililokosa pa kutokea. Mafuta mazito huziba zaidi. Poda nayo ikichanganyika na jasho na maziwa yanayotiririka wakati wa kunyonya inakuwa kinyunya, tena iko sentimita chache kutoka puani. Kwa vipele vya joto dawa ni ubaridi: maji ya kawaida, nguo moja nyepesi ya pamba, kofia na soksi za sufu zitoke. Tunawafunika watoto wetu mno. Mwanza si Makete kwenye baridi.

Ukiona lazima uwe na kitu kikavu kwenye mkunjo, basi wanga, na utaratibu uwe huu: geuka pembeni, mimina kidogo kiganjani ukiwa mbali na mtoto, sugua viganja mpaka kusiwe na kinachopeperuka, ndipo umpapase. Kitovu ambacho hakijadondoka kisiguswe na poda, wala wanga, wala mafuta. Kiwe safi na kikavu, na ufuate ulichoelekezwa na mkunga.

Harufu, na heshima ya bibi

Najua kinachobaki. Mtoto asiye na poda hanukii "mtoto". Shingo nyeupe ni ushahidi kwa majirani kwamba mama huyu anamtunza mwanawe. Na kwetu Kanda ya Ziwa poda ni furaha: mama akirudi kutoka hospitali na kichanga, wapo wanaompokea kwa vigelegele na poda shingoni. Sitaki furaha hiyo ife. Mpakeni mama, uani, na kichanga awe ndani na shangazi yake mpaka vumbi litulie.

Kwa hiyo kwenye kikapu changu kuna kikopo cha mafuta ya mgando kwa matako ya kila siku, tyubu ya zinki kwa siku mbaya, na vitambaa vingi safi. Wanga sikununua, kama unao tayari, utumie kwa mkono kama nilivyosema. Talki niliitoa.

Kumwambia mama mkwe ndiko kulikonisumbua kuliko yote, nisimwonyeshe kwamba watoto wake saba aliwalea vibaya. Hakuwalea vibaya. Asubuhi moja, mtoto akiwa bado kwenye beseni na dada yake, nilimwita chumbani.

"Mayu, naomba uitikise poda hapa kitandani, mara moja tu."

"Bila mtoto?"

"Bila mtoto. Kisha uangalie kwenye jua."

Akatikisa. Tukasimama wawili tukitazama ule mkanda wa mwanga ukijaa. Alinyamaza muda mrefu, akautia mkono wake katikati na kuugeuza, vumbi likizunguka vidole.

"Yote haya anayavuta, mwanangu?"

"Ndiyo, mayu."

Akaifunga chupa, akafungua dirisha, akaniambia nimletee kile kikopo cha mafuta na nimwonyeshe ninavyopaka. Chupa ipo bado, juu ya kabati. Jumapili hujipaka mwenyewe kabla ya kwenda kanisani, akiwa uani, na akimaliza hunawa mikono kabla ya kumpokea mjukuu wake.